Aliyegusa Amekunywa

Nyumba ya Mandau, Mto Katibas
9 Februari 1987

Mdogo wangu Sanggau,

Kabla hujauliza, sote wazima. Mgongo wa shemeji yako Bansa umetulia. Kila asubuhi anakwenda kugema mpira, akirudi analalamikia bei, basi ujue ni mzima kabisa. Mpunga wa kilimani umeshika vizuri na nguruwe mwitu hawajatuingilia. Paa linavuja palepale ulipoahidi kupaziba kabla hujapanda boti. Nimetega sufuria.

Sasa kaa kitako. Mkeo ana mimba.

Amejua tangu mwezi uliopita akaninyamazia, mimi wifi yake ninayelala naye ukuta kwa ukuta! Nimemgundua mwenyewe kwa kuwa siku hizi akisikia harufu ya samaki wa mtungini anakimbilia nje. Sanggau, chumba chetu hakijasikia kilio cha mtoto tangu ulipolia wewe. Unajua mimi na Bansa tulivyongoja mpaka tukachoka kungoja. Nilipomaliza kumgombeza Mayang nililia, na yeye akalia, Bansa akadhani kuna msiba akaacha chakula.

Miiko imeanza, na baba wa mtoto naye anayo yake. Umbali si kisingizio. Usifunge fundo. Usipige msumari. Usizibe tundu lolote, mtoto atakwama njiani. Unajua baba yetu alipiga msumari mmoja tu kwenye mtumbwi wake, mama akakaa na uchungu siku mbili kukuzaa wewe, na kichwa chako mpaka leo hakijakaa sawa.

Kuna jambo linaniuma. Mkeo ameikataa tuak yangu. Tuak yangu, Sanggau! Pombe ya mchele ambayo watu wa juu ya mto wanapiga kasia kutwa nzima kuifuata. Nilimmiminia ile ya mtungi wa kwanza, tamu, akairudisha kwa mikono miwili. Hata tumbaku yake ya kusokota kwa jani la mti wa apong kampa Bansa yote. Nikamuuliza, tuak yangu ina nini? Akasema, "Si tuak yako, dada. Ni mimi tu." Jibu gani hilo? Watu wa baraza la nyumba hii ndefu wameshaanza kunong'ona kwamba mawifi wamegombana.

Na swali moja, unijibu kwa mwandiko wako. Mayang anasema ulimwahidi utaacha sigara. Umeacha?

Dada yako,
Tambong

*

Johor Baru
20 Machi 1987

Dada Tambong,

Barua yako imenifikia ina doa la mafuta na harufu ya nyumbani, nikainusa kwanza kabla ya kuisoma. Niliisomea juu ya jukwaa, ubavuni mwa meli. Nilipofika pale uliposema "mkeo ana mimba" nilipiga ukelele mpaka Murugan, mwenzangu wa kazi, akapanda mbio na ndoo ya maji akidhani nimeungua. Nikamwambia, nitaitwa baba! Akanimwagia yale maji hivyo hivyo.

Huku ni joto, kazi ni nyingi, chakula si kibaya ila hakuna anayejua kumpika kuku kwenye mwanzi. Wasalimie wote wa baraza, pamoja na wale wanaonong'ona.

Lakini dada, umenitia mtihanini. Mimi ni mchomeleaji! Toka asubuhi mpaka jioni kazi yangu ni kuziba. Nikiacha tundu moja bila kuziba, meli ya watu inazama. Nimewaza sana nikapata njia: kila nikiziba pahala, nakata na kipande cha chuma chakavu, ili kuwe na kilichofungwa na kilichofunguliwa. Msimamizi kaniuliza mbona natesa vyuma. Nikamwambia ni dini. Hakuuliza tena.

Kuhusu tuak, tafadhali mwache Mayang. Ana sababu yake. Usimchimbe, dada, nakuomba kama ninavyoweza kuomba nikiwa mbali hivi.

Naambatisha picha. Shati ni jipya. Mweleze Mayang naliwaza tumbo lake kutwa.

Nitakuja sikukuu ya mavuno nikijaliwa.

Mdogo wako,
Sanggau

*

Nyumba ya Mandau
18 Aprili 1987

Sanggau,

Tu wazima, paa linavuja, Bansa analalamika. Hayo umeyajua.

Picha tumeipokea. Shati zuri. Ila mkono mmoja uko mbele na mwingine uko mgongoni, na nyuma ya bega lako kuna moshi unapanda. Mtu havai shati la sikukuu kwenda kuchomelea, mdogo wangu. Mimi ni mzee lakini si kipofu. Mayang aliitazama sana, akaiweka juu ya kabati akaifunika kitambaa. Basi hilo ndilo jibu lako, hata kama hukuliandika.

Sasa yaliyotokea. Sawai wa chumba cha tano alimkaribisha Mayang glasi, Mayang akakataa, akaondoka bila kuigusa. Kesho yake asubuhi akang'atwa na tandu, mguu ukavimba kama gogo la mgomba. Nyumba nzima ikasema puni! Amekataa kilichotolewa kwa moyo, balaa limemfuata. Na mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Mtoto mdogo anajua: hutaki kula, hutaki kunywa, sawa, lakini gusa. Chovya ncha ya kidole, jipake shingoni, nenda zako salama. Aliyegusa amekunywa.

Akasema, "Nilisahau, dada. Nitagusa." Na tangu siku hiyo anagusa. Kidole tu. Watu wanalalamika kwamba kugusa ni kwa mpita njia mwenye haraka, si kwa mtu aliyeketi na miguu kaikunja.

Hapo ndipo uvumilivu ukanishinda. Nilimkalisha jikoni nikamwambia: Mayang, mimi nashika miiko yote ya mtoto huyu. Nimemwandikia mumeo Johor asipige msumari. Nimemkataza Bansa kuziba tundu la paa, nalala na sufuria miguuni. Wewe unaniaibisha kwa nini? Unajua alivyonijibu? Aliacha kumenya mianzi michanga akaniangalia usoni.

"Dada, msumari uliopigwa Johor, ng'ambo ya bahari, unaweza kumfikia mtoto huyu tumboni?"

Nikasema, unaweza, kwani hujui?

"Basi glasi inayopita kwenye koo langu mwenyewe haiwezi?"

Sanggau, nilikaa. Alinishinda. Mimi Tambong, ambaye Mzee Mandau, mkuu wa nyumba, akitaka kushinda kesi hangoji nifike! Niliinuka nikajifanya naangalia moto.

Jumatano nilimpeleka Mayang kliniki, mjini Song, nikamuuliza Nesi Ling mwenyewe. Amesema kweli tupu. Anachokunywa mama kinapita kwenye kitovu kwenda kwa mtoto, na mtoto hana ini la kupambana nacho. Kinaweza kuharibu ubongo ungali unajengwa: akashindwa hesabu, akasahau upesi, akashindwa kutuliza hasira zake. Na tumbaku inamkaba pumzi akiwa bado ndani, azaliwe mdogo, hata moshi wa mtu aliye jirani si mzuri. Nikasema, lakini wangapi wamekunywa na watoto wao wanarusha mawe sawasawa? Akasema si kila mtoto anapata, ndiyo maana watu hawaamini, lakini hakuna ajuaye kiasi gani ni kidogo cha kutosha. Kwa hiyo bora kisiwepo kabisa.

Njiani kurudi nikamuuliza Mayang, wewe ulijuaje yote haya kabla ya nesi kuniambia mimi? Akageuza uso akaangalia maji.

Siku hizi navutia tumbaku yangu nje, kwenye jukwaa la kuanikia mpunga, hata mvua ikinyesha. Nakwambia ili uone haya.

Tambong

*

Nyumba ya Mandau
20 Mei 1987

Sanggau,

Hujajibu. Mtungi wa sikukuu nimeshautia chachu. Watu wa kwao Mayang wanashuka mto kuja kusherehekea nasi, mama yake yumo. Watamsukumia glasi kwa furaha yao, na Mayang atanyosha kidole, na mimi sijui nitajificha wapi. Unakuja au huji?

Tambong

*

Johor Baru
28 Mei 1987

Dada,

Siji. Meli inatakiwa mwezi wa tisa na hakuna ruhusa. Nimemlilia msimamizi mpaka nimejidharau.

Ulimuuliza Mayang alijuaje. Mimi najua, lakini si langu la kusema, na Mayang aliniapisha siku tuliyooana. Nakuomba tu, watu wa kwao wakija, mtazame mdogo wake. Mtazame kwa wema. Na tafadhali simama upande wa Mayang siku hiyo, hata kama tuak ni yako.

Kuhusu ile picha, sina la kusema.

Sanggau

*

Nyumba ya Mandau
14 Juni 1987

Mdogo wangu, baba mtarajiwa,

Barua yako imefika sikukuu imekwisha, mifupa ya kuku imeshafagiwa. Ulichokataa kuniambia nimekisikia mbele ya watu wote, na sijalala vizuri tangu hapo, lakini ni kwa uzuri wake, si kwa ubaya.

Tulikuwa wengi hata sakafu ya baraza ikalia. Ngoma za shaba zilipigwa tangu asubuhi. Mama yake Mayang alikuja na huyo mdogo mtu, Subang. Nilidhani ni mtoto wa miaka kumi na moja. Ana kumi na saba. Mwembamba, mdomo wa juu mwembamba kama uzi, macho madogo yaliyoachana, na cheko la kupendeza sana. Alianza kunisalimia, baada ya kitambo akanisalimia tena kama hajaniona, akaja mara ya tatu. Mama yake akasema shule ilimrudisha nyumbani, hesabu yake inaishia tatu. Nikasema masikini, nikaenda kumimina tuak. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Zikaanza glasi. Mjomba wake Mayang, Jimbun, yule mwenye sauti ya ngoma, akaja na glasi imejaa pomoni mpaka mbele ya mkeo. Mayang akanyosha kidole, akagusa, akajipaka shingoni. Jimbun akacheka, "Enhee! Binti yetu tuliwaozesha akiwa na koo lake! Koo mmelipeleka wapi, nyie watu wa chini ya mto? Mmeliuza?"

Watu wakavunjika mbavu. Mayang akatabasamu, akagusa tena. Jimbun naye hakuondoka. "Mimi si mpita njia, mwanangu. Nimekupigia kasia siku nzima. Kunywa." Na wote wakaanza kupiga ule ukelele wa kumtaka mtu anywe. Unaujua ulivyo, hata mawe yangekunywa.

Nikamwona mkeo akiweka mkono tumboni.

Basi nikasimama. Sikupanga, Sanggau, naapa, miguu ndiyo iliyoamua. Nikasema, "Chumba chetu kina mwiko. Mwanamke mwenye mimba hanywi, wala havutiwi moshi karibu yake."

Unajua watu wetu, mwiko haubishaniwi. Hata Jimbun alishusha glasi. Lakini Mzee Mandau, mungu amsamehe, akakohoa akauliza, "Mwiko huo umetoka wapi? Nani aliuota?"

Hapo nilikwama. Mwiko mpya huja kwa ndoto, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayedanganya ndoto, labda awe amechoka kuishi. Mimi sikuota kitu. Nilimwangalia Mayang, naye akamwangalia mama yake, kisha akainamisha kichwa. Nikaelewa kwamba analo la kusema na hatalisema, hata wakimkata.

Mama yake ndiye aliyeinuka. Mwanamke mfupi, wa sauti ndogo, sijawahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Alimshika Subang mkono wakasimama wote wawili katikati ya baraza.

"Ndoto ni yangu," akasema. "Mimi siioti usiku. Naiota mchana, macho wazi, mwaka wa kumi na saba huu. Ni huyu hapa."

Mayang akasema, "Mama, hapana!"

"Nyamaza. Ulifikiri sikusikia? Mlango wa kliniki ni wa wavu, mwanangu. Nesi alikueleza kwamba yumkini ni zile tuak na tumbaku za wakati ule, nilipokuwa na mimba yake. Ukatoka nje ukaniambia, nesi kasema Subang ale mboga za majani. Umenibebea mzigo huo miaka minne nisiuone. Na mimi nikajifanya siuoni, ili usijue kwamba nauona."

Akaendelea, "Walionipa glasi walinipa kwa kunipenda, na mimi nikanywa kwa kuwapenda. Jimbun, wewe ulikuwepo. Hakuna mkosaji hapa. Hatukujua. Lakini sasa tunajua, na mtu akishajua hawezi kurudi kutojua. Na mtu asidhani namwonea aibu mwanangu. Subang ni mtu. Nisingembadilisha na mtoto wa yeyote. Ila kuna vitu alitakiwa kuja navyo, njia ikazuiwa."

Subang akauliza, "Mama, wananisema mimi?" Mama yake akamjibu, "Wanakusema vizuri." Akafurahi, akatupungia mkono wote.

Nimeona watu mashujaa katika maisha yangu. Nimemwona baba akiingia mtoni mafurikoni kumtoa mtu asiyempenda. Lakini mama mkwe wako siku ile aliwapita wote. Na Mayang, aliyekubali kuitwa mchoyo, mwenye majivuno, mgomvi wa wifi, miezi yote hii, ili tu jina la mama yake lisitajwe! Na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita hivyo. Nilitamani kumwangukia miguuni, ila tulikuwa mbele za watu.

Jimbun alilia waziwazi. Akapiga magoti na lile umbo lake kubwa lote, akaishika glasi kwa mikono miwili mbele ya Mayang. "Gusa, mwanangu," akasema. Mayang akagusa. Jimbun akainywa mwenyewe mpaka tone la mwisho, akaigeuza juu chini watu waone. Nikasema kwa sauti, "Aliyegusa amekunywa!" Mzee Mandau akarudia, "Aliyegusa amekunywa," na hivyo ikawa sheria, maana mzee akishasema mbele ya wageni hairudi nyuma.

Sasa sikiliza, ucheke. Jimbun aliposogea kwa mkamwana wa Sawai, binti mdogo aliyeolewa juzi, yule binti akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyosha kidole akagusa. Sawai akadondosha sinia! Hakuna aliyejua, hata mume wa huyo binti! Baraza likalipuka kelele, watu wakamrusha yule kijana juu mpaka kichwa kikagonga boriti.

Subang amebaki nasi amsaidie dada yake. Nimempa kazi ya kuku. Hawezi kuwahesabu, lakini jioni anasimama mlangoni pa banda, anamtazama mmoja mmoja usoni, kisha anakuja kuniambia, "Wote wapo." Siku akisema, "Yule mwenye kucha moja hayupo," basi nenda katafute, hayupo kweli. Mimi ninayejua kuhesabu nimewahi kuwafungia nje mara ngapi! Kuna siku husahau kuwapa maji, na kuna siku hukasirika akarusha vitu kwa jambo ambalo hata yeye halijui. Mayang humkumbatia mpaka ipite. Amejifunza hivyo tangu utotoni.

Picha yako bado imefunikwa kitambaa.

Dada yako,
Tambong

*

Johor Baru
12 Julai 1987

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa chini ya meli, mahali pasipo na mtu. Nimeisoma tena kesho yake. Murugan aliniuliza kama kuna aliyekufa, nikamwambia la, kuna waliofufuka.

Mimi nilikuwa nimeacha sigara kwa mdomo tu. Nilijidanganya kwamba huku ni mbali, moshi wa Johor hauwezi kufika Katibas. Nimekata vyuma chakavu miezi minne kwa ajili ya msumari, na wakati huohuo nikivuta pakiti nzima nikipumzika! Mayang alikuwa sahihi tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa nachagua miiko iliyo rahisi.

Nimeacha tangu siku barua ilipofika. Wiki iliyopita nilianguka, nilivuta mbili, nikaona haya, nikaanza upya. Mikono inatetemeka, nimekuwa mkali kama nyigu, nala karanga kutwa. Wakinikaribisha nasema, nina mwiko. Hapa kuna Watamil, Wachina, Wamalei, Wajava, na hakuna hata mmoja aliyenicheka. Kila mtu kwao ana mwiko. Wananinyoshea sigara, naigusa kwa kidole, wanaivuta wao, mbali nami.

Mwambie mama mkwe kwamba siku nikifika nitaanzia mlangoni kwake kabla ya kwangu. Mwambie Mayang… hapana, hilo nimemwandikia mwenyewe, usilifungue.

Naambatisha picha nyingine. Tazama mikono.

Mtoto akizaliwa kabla sijafika, niandikie mara moja. Usiniandikie kilo, kilo nitaambiwa na nesi. Niambie ni mtu gani. Dada, naogopa. Mayang ameacha tangu alipojua, lakini kabla ya kujua je? Sikukuu ya mwaka mpya alikunywa, nilikuwepo, mimi ndiye niliyemmiminia. Nikifumba macho naliona hilo tu.

Sanggau

*

Nyumba ya Mandau
30 Agosti 1987

Baba mtu,

Ni msichana. Yuko hai, mama yake yuko hai, na mimi niko hai kwa shida.

Mto ulikuwa umekauka, boti isingepita kwenye mawe na mwanamke mwenye uchungu ndani. Bansa alikwenda kumleta Nesi Ling kwa mtumbwi, wakausukuma nusu ya njia. Uchungu ulikuwa mrefu. Wazee wakasema kuna kitu kimefungwa. Tukafungua yote. Masanduku, madirisha, mafundo ya vyandarua, nywele zetu. Bado. Nikatazama pembeni, nikaona mitungi yangu imefungwa kwa udongo na majani, tuak ya miezi miwili, ya kumpa mtoto jina. Ukiifungua kabla ya wakati wake inakufa, inakuwa siki. Sawai akaniambia, "Hiyo acha, Tambong." Nikaifungua yote. Nesi Ling alisema mtoto alikuwa tayari anakuja kwa wakati wake mwenyewe, na huenda anasema kweli, lakini kilio tulikisikia kabla sijaufikia mtungi wa mwisho. Sasa tuna siki ya kutosha nyumba nzima mpaka mwakani, na Bansa analalamika kuhusu hilo pia.

Umeniuliza unachokiogopa. Nilimuuliza nesi, kwa sababu Mayang naye alikuwa akiogopa hilohilo na hakulisema. Nesi alimpima kichwa, akamwangalia macho, mdomo, mikono, akasikiliza moyo. Amesema anaonekana vizuri, ananyonya kwa nguvu, amekuja na uzito mzuri. Amesema pia kwamba mengine huonekana mtoto anapokua, tumlete kliniki, tuzungumze naye, tumpende, na kwamba kuacha mapema hivyo ni zawadi kubwa ambayo mama angeweza kumpa. Mayang alisikiliza yote bila kupepesa. Nikamwambia, wifi yangu, mimi nimetengeneza tuak maisha yangu yote, sijapata kutengeneza kitu kizuri kama ulichotengeneza wewe kwa kukataa. Nilisema hivyo kwa sauti, Sawai akiwepo, nesi akiwepo. Lilikuwa deni langu tangu Februari.

Picha yako mpya iko juu ya kabati. Mikono yote miwili mbele, umeinyosha kama mtu anayekaguliwa na polisi. Ile ya zamani Mayang kaitoa kitambaa, akaipeleka jikoni kuwashia moto. Usikasirike, shati linaonekana vizuri zaidi katika hii.

Jina tunakungoja wewe. Kwa sasa tunamwita Endun, kama kila msichana ambaye bado hajapewa lake.

Umetaka nikuambie ni mtu gani. Mimi sijui, mdogo wangu, mimi naona nywele na hasira tu. Lakini jana jioni Subang alimaliza kuku wake, akanawa mikono bila kukumbushwa, akaomba kumwona. Tukamketisha, tukamwekea mtoto mapajani. Mama mkwe wako, aliyeshuka kwa ajili ya uzazi, alikuwa amesimama nyuma ya Subang, tayari kumdaka mtoto. Subang hakucheka. Alimtazama mtoto kama anavyotazama kuku mlangoni pa banda. Akaangalia jicho moja, akaangalia la pili. Akapitisha kidole juu ya mdomo wa mtoto. Akafungua kiganja, akavitazama vidole kimoja kimoja, vya mkono, kisha vya mguu. Alichukua muda mrefu sana, na chumba kizima, Sanggau, watu wazima wenye mvi, tulikuwa tunamngoja yeye atuambie. Nilimwona Mayang ameziba mdomo kwa mkono.

Kisha Subang akainua kichwa, akamgeukia mama yake.

"Yupo wote," akasema.

Njoo nyumbani.

Dada yako,
Tambong